Ngozi Inayokakamaa: Ugonjwa Usioambukiza Unaotaka Kuwahiwa

(Maelezo haya yametayarishwa ili yasomwe na makatibu wa vyama vya msingi katika mikutano ya elimu ya wanachama. Mwishoni yamewekwa maswali ya majadiliano.)



Kurasa hizi kwa kawaida huzungumzia bei za mazao, malipo ya pili, hesabu za ghala na ukaguzi wa vitabu. Safari hii zinazungumzia ngozi ya binadamu, na sababu ipo. Chama cha ushirika ni chama cha watu kabla ya kuwa chama cha mazao. Mkulima asiyeweza kukunja vidole vyake hawezi kuchuma kahawa wala pamba. Na mzazi ambaye mtoto wake amefichwa ndani kwa aibu hana raha ya kukaa katika mkutano mkuu akasikiliza taarifa ya mapato na matumizi.

Wala kazi ya namna hii si ngeni vijijini. Mwaka 1973, Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kampeni ile ilionyesha kwamba elimu ya afya hushika zaidi inapojadiliwa na majirani wanaojuana. Maelezo haya yanafuata njia hiyo hiyo, ingawa ugonjwa unaozungumzwa ni wa nadra na wengi hawajapata kuusikia.

Jambo lenyewe ni hili. Uko ugonjwa unaokakamaza ngozi ya mahali fulani mwilini. Hauambukizi hata kidogo, lakini machoni pa watu hufanana na magonjwa yanayoogopwa, hasa ukoma. Kwa ajili hiyo mgonjwa hupata hasara mbili: hutengwa bila kosa, na huchelewa kufika hospitali katika wakati ule ule ambapo dawa ingemfaa. Hasara hii ya pili ni kubwa zaidi kwa watoto, kwa kuwa mwili wa mtoto haungoji, unakua.

UGONJWA HUU NI NINI

Waganga wa hospitali huuita skleroderma, jina lililotokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kitu kigumu na la pili lenye maana ya ngozi. Ule unaoshika sehemu tu za ngozi huitwa skleroderma ya mahali pamoja, au kwa jina lake jingine, mofea.

Ili kuuelewa, mwanachama na alifikirie gunia la katani. Gunia zuri limefumwa kwa nyuzi zenye nafasi, na kwa hiyo hukunjika, hujazwa na kuinuliwa bila taabu. Lakini kama mfumaji angeendelea kupachika nyuzi juu ya nyuzi bila kujua mahali pa kuachia, gunia lingekuwa gumu kama ubao. Ngozi ya binadamu nayo imejengwa kwa nyuzi nyembamba za protini ziitwazo kolajeni. Nyuzi hizi ndizo huipa ngozi uimara wake. Mtu akijikata na panga, mwili huagiza nyuzi mpya zifumwe ili kuziba jeraha, na jeraha likishapona amri ya kusimamisha kazi hutolewa. Katika mofea, kinga ya mwili hukosea. Huivamia ngozi ya mahali fulani kana kwamba kuna adui, ngozi huvimba kwa ndani, na chembe hai zinazofuma kolajeni huamriwa kufanya kazi bila ya jeraha lolote la kuzibwa. Mwisho wake ngozi hunenepa, hukakamaa, na baadaye huweza kusinyaa pamoja na mafuta na misuli iliyo chini yake.

Kitu kinachoifanya kinga ya mwili ianze kukosea hivyo bado hakijabainishwa na wataalamu wa nchi yoyote. Hata hivyo, kuna mambo ambayo yamebainika wazi. Ugonjwa huu hauletwi na uchafu. Hauletwi na chakula. Hautoki kwa mgonjwa kwenda kwa mtu mwingine kwa kushikana mikono, kula pamoja, kulala kitanda kimoja wala kuvaa nguo moja. Mama mwenye mofea hamwambukizi mtoto anayemnyonyesha.

Wala ugonjwa huu si mgeni duniani, na hauchagui taifa. Mwaka 1753 mganga mmoja wa mji wa Naples huko Italia, Carlo Curzio, aliandika habari za msichana ambaye ngozi yake ilikuwa imekakamaa. Mwaka 1854 Thomas Addison wa London alieleza mabaka magumu ya ngozi ambayo baadaye yalitambuliwa kuwa ndiyo haya ya mofea. Wagonjwa hao hawakurogwa na majirani wa kijiji chochote cha Afrika.

AINA MBILI ZISICHANGANYWE

Hapana budi kutofautisha skleroderma ya mahali pamoja na ndugu yake, skleroderma ya mwili mzima. Ile ya mwili mzima kwa kawaida huanzia vidoleni. Vidole hubadilika rangi na kufa ganzi wakati wa baridi, ngozi yake hukaza, na ugonjwa huweza kuingia katika mapafu, figo, moyo na njia ya chakula. Huo ni ugonjwa mzito unaoweza kuua.

Ile ya mahali pamoja haina tabia hiyo. Hukaa katika ngozi na vitu vilivyo chini yake, yaani mafuta, misuli, viungo na wakati mwingine mifupa. Mgonjwa wake haelekei kufa kwa sababu yake, wala hapaswi kuishi kwa hofu kwamba kesho utageuka kuwa ule mwingine, kwa maana jambo hilo ni la nadra sana. Mtu aliyesoma habari za skleroderma bila kuelezwa ni ipi huweza kukata tamaa bure. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mganga ni hili: Je, huu ni wa mahali pamoja au ni wa mwili mzima?

DALILI ZAKE

Mara nyingi ugonjwa huanza kimya kimya. Hutokea baka lenye ukubwa wa sarafu au wa kiganja, tumboni, mgongoni, pajani au mkononi. Vitabu vingi vimeandika kwamba pembezoni mwa baka huonekana mzunguko wa rangi ya zambarau. Lakini katika ngozi nyeusi mzunguko huo ni mgumu kuonekana, na mara nyingi kinachoonekana ni baka lililozidi kuwa jeusi, au lililopauka kuliko ngozi ya kandoni. Kwa hiyo vidole ni mashahidi wazuri kuliko macho. Ukiligusa, utaona ngozi imekaza, haifinyiki kwa urahisi, inang'aa, nywele zake zimepukutika, na haitoi jasho. Pengine inawasha au inauma kidogo. Pengine haina maumivu yoyote.

Ugonjwa huja kwa sura kadha. Ya kwanza ni ya mabaka machache, ambayo ndiyo ya kawaida kwa watu wazima. Ya pili ni ya mstari: ngozi hukakamaa kwa kufuata mkondo mrefu, kama kovu la mjeledi, kushuka mguu au mkono. Hii ndiyo huwapata watoto zaidi. Ikiwa mstari huo unapita kwenye paji la uso na kuingia katika nywele, huacha bonde lililozama mfano wa kovu la upanga, na nusu ya uso huweza kusinyaa. Ya tatu ni ya mabaka mengi yaliyotapakaa sehemu nyingi za mwili. Iko pia aina ya kina kirefu, inayopenya mpaka kwenye misuli na mfupa, nayo ni adimu lakini ni kali. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na sura mbili kwa wakati mmoja.

NI WATU GANI WANAOPATWA

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na watoto hawakusazwa. Katika wilaya moja ya jimbo la Minnesota, Marekani, wataalamu walihesabu wagonjwa wapya wa kuanzia mwaka 1960 hadi 1993, wakapata kama watu 27 katika kila watu milioni moja kwa mwaka.

Makatibu ni watu wa hesabu, na hesabu hii inafaa kufanywa. Tuseme chama kikuu kina vyama vya msingi 100, kila chama kina kaya 500, na kila kaya ina watu watano. Hao ni watu 250,000. Kwa kipimo cha Minnesota wangetokea wagonjwa wapya kama sita au saba kila mwaka katika eneo zima la chama kikuu. Kipimo cha nchi moja hakiwezi kubandikwa juu ya nchi nyingine bila kupimwa. Kinatumika hapa kwa kukadiria tu. Lakini kinafundisha jambo. Katibu wa chama kimoja anaweza kumaliza utumishi wake bila kumwona mgonjwa hata mmoja, na kwa sababu hiyo hiyo, atakapomwona hatamtambua. Hata mganga wa zahanati anaweza kuwa katika hali hiyo, naye asilaumiwe.

UNAVYOMWATHIRI MGONJWA

Kwa mtu mzima mwenye mabaka mawili matatu tumboni, madhara makubwa ni rangi, mwasho na wasiwasi. Mara nyingi ugonjwa huwa hai kwa miaka kama mitatu hadi mitano, kisha hutulia, ngozi ikalainika polepole na kubakiza alama. Hata hivyo, baada ya kutulia unaweza kurudi, pengine baada ya miaka mingi.

Kwa mtoto mambo ni mengine. Chukua mfano wa mtoto wa darasa la pili ambaye mstari mgumu umetokea kwenye paja na kushuka kupita goti. Mwaka wa kwanza wazazi huona rangi tu, wakadhani ni kovu la kuungua. Mwaka wa pili goti halinyooki sawasawa, kwa kuwa ngozi iliyokaza imelivuta. Mwaka wa tatu mguu mmoja umekuwa mwembamba na mfupi kuliko mwenzake, kwa sababu mguu mzima umeendelea kukua na ule mgonjwa umebaki nyuma. Mtoto anachechemea, mgongo unaanza kupinda kwa kufuata mwendo wake, na wenzake wamekwisha kumpa jina la kejeli. Dawa inayotolewa mwaka wa kwanza ingeweza kuzuia mengi ya haya. Dawa inayotolewa mwaka wa nne huzuia yasizidi, lakini hairefushi mfupa uliokwisha kubaki mfupi.

Wataalamu waliokusanya habari za watoto 750 wenye ugonjwa huu kutoka nchi mbalimbali, na kuzichapisha mwaka 2005 na 2006, waliona kwamba karibu theluthi mbili ya watoto hao walikuwa na aina ya mstari, na kwamba kwa wastani ulipita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Kati yao, watoto 168 walikuwa na matatizo mengine nje ya ngozi, na karibu nusu ya matatizo hayo yalikuwa ya viungo. Ikumbukwe kwamba watoto hao walitibiwa katika vituo vya wataalamu. Ikiwa huko ulipita mwaka mzima, mzazi wa kijijini ana haki ya kuhimizwa zaidi.

Mstari ukiwa kichwani au usoni, kuna hatari nyingine zisizoonekana. Jicho la upande ule linaweza kuvimba kwa ndani bila kuuma wala kuwa jekundu, na mtoto akapoteza uwezo wa kuona kabla mtu hajajua. Wengine hupata maumivu makali ya kichwa au kifafa. Kwa hiyo kila mwenye alama ya namna hiyo apimwe macho na mtaalamu, tena mara kwa mara, hata akisema haoni tatizo.

Yako pia madhara yasiyopimwa kwa rula. Msichana mwenye alama usoni huacha kwenda shule, au hukaa nyuma darasani akiwa amejitanda kanga. Mwanamke huogopa kuachwa. Mkulima huona wenzake wakisogea pembeni anapokaa kwenye benchi la kusubiri mizani. Maneno kama "mtoto wa mkosi" huumiza kuliko baka lenyewe, na hayana dawa hospitalini. Dawa yake iko kwa watu wanaoyasema.

SI UKOMA, NA UKOMA NAO HUPONA

Kwa kuwa kosa la kuuita ugonjwa huu ukoma ni la kawaida, yafaa tofauti zielezwe. Ukoma huletwa na kijidudu alichokigundua Hansen wa Norwei mwaka 1873. Baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia: mtu akiguswa hapo kwa pamba hajui, na mishipa ya fahamu iliyo karibu na kiwiko au goti huweza kuvimba. Baka la mofea ni gumu, lakini mara nyingi mgonjwa huhisi akiguswa. Mbalanga nao huondoa rangi ya ngozi, lakini ngozi hubaki laini. Choa huwa na ukingo unaochubuka na kutoa magamba, na huondoka kwa dawa ya kuua kuvu.

Tofauti hizi zimetolewa ili watu wasitishane. Hazikutolewa ili katibu au jirani ajifanye mganga. Kila baka lisilopona ndani ya majuma machache lipelekwe kituo cha afya, liwe gumu au laini, liwe na hisia au lisiwe na hisia. Likigundulika kuwa ni ukoma, hilo nalo si jambo la kukimbiza watu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto za ukoma mwaka 1981, dawa hizo hutolewa bure, na mgonjwa anayezitumia huacha kuambukiza mapema baada ya kuanza. Kwa hiyo mwenye mofea asitengwe kwa kuwa si mkoma, na mkoma naye asitengwe kwa kuwa hupona.

UCHUNGUZI NA MATIBABU

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema huyu ana mofea. Mganga mwenye ujuzi wa ngozi huutambua kwa kutazama na kushika, na akiwa na shaka hukata kipande kidogo cha ngozi, baada ya kutia ganzi, ili kitazamwe kwa hadubini. Kwa wanachama wa Tanzania na nchi jirani, yafaa ijulikane kwamba katika Hospitali ya KCMC huko Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambacho kimewafundisha waganga wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Baadhi ya waliosoma pale wanafanya kazi katika hospitali za mikoa na wilaya. Ni haki ya mgonjwa kumwomba mganga wa zahanati barua ya kwenda kwa mtaalamu wa namna hiyo.

Matibabu hutegemea aina. Mabaka machache yasiyo na kina hutibiwa kwa dawa za kupaka zinazopoza kinga ya mwili mahali pale, kama vile marhamu ya steroidi au ya takrolimasi. Hospitali kubwa za nchi nyingine zina mashine za mionzi maalumu ya urujuanimno inayolainisha ngozi. Mgonjwa asidhani kuwa kuanika baka juani ni sawa na tiba hiyo.

Aina ya mstari, ya kina na ile iliyotapakaa hazitoshelezwi na dawa ya kupaka. Hizo huhitaji dawa ya kupoza kinga ya mwili kwa ndani, na inayotumika zaidi ni methotrekseti, ikisaidiwa mwanzoni na dawa za jamii ya steroidi. Faida yake imepimwa. Katika jaribio lililofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2011, watoto 70 walipewa steroidi kwa miezi mitatu ya kwanza. 46 kati yao walipewa pia methotrekseti, na 24 wakapewa vidonge visivyo na dawa. Ugonjwa uliamka tena kwa watoto 15 kati ya wale 46, lakini kwa 17 kati ya wale 24.

Dawa hii ina masharti ambayo familia nzima yapasa kuyajua. Hunywewa mara moja kwa juma, kamwe si kila siku. Watu wamekufa kwa kuinywa kila siku kwa makosa. Kwa hiyo siku yake iandikwe ukutani, na mtu mmoja wa nyumbani apewe jukumu la kuihesabu. Damu na ini hupimwa kila baada ya muda. Mwanamke asishike mimba akiwa anaitumia, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Dawa ya kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin, ni ya hatari ikichanganywa nayo. Basi kila anapokwenda zahanati kwa ajili ya homa au kikohozi, mgonjwa aseme kwanza kuwa anatumia methotrekseti. Matokeo hayaonekani siku ya pili. Huchukua miezi, na baada ya ugonjwa kutulia dawa huendelea kutolewa kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengi hushindwa hapa: wanaona ngozi imelainika, wanaacha, na ugonjwa unarudi.

Pamoja na dawa, viungo vilivyo chini ya ngozi iliyokaza vinyooshwe kila siku kwa mazoezi yatakayoonyeshwa na mtaalamu wa viungo. Mguu uliobaki mfupi husaidiwa kwa kiatu chenye soli iliyoinuliwa kwa kipimo cha hospitali, kazi ambayo fundi viatu wa kawaida anaiweza akishapewa kipimo. Ugonjwa ukisha kutulia kabisa, madaktari wa upasuaji wanaweza kujazia sehemu za uso zilizozama.

Yako na ya kuepuka. Baka lisichanjwe chale, lisichomwe kwa moto wala kwa majani makali, na lisipakwe mkorogo wala krimu za dukani zisizoandikwa na mganga. Ngozi ya mofea huwa tayari imedhoofika. Ikijeruhiwa hupona kwa shida.

WAJIBU WA CHAMA

Chama cha ushirika si hospitali, na katibu hakuajiriwa kutibu. Lakini kuna mambo matano yaliyo ndani ya uwezo wa chama chochote.

Kwanza, mgonjwa asinyimwe nafasi yoyote kwa ajili ya ngozi yake. Mazao yake yapimwe kwa zamu yake, fedha yake itiwe mkononi mwake kama ya wengine, na kura yake ihesabiwe. Kahawa iliyochumwa na mkono uliokakamaa haina ila yoyote.

Pili, katibu anaposikia habari za mtoto aliyefichwa, azungumze na wazazi kwa faragha na kwa heshima, awaeleze kuwa ugonjwa una jina na una dawa. Jambo hilo lisitangazwe mkutanoni. Siri ya mgonjwa ni amana.

Tatu, pale ambapo masharti ya chama yanaruhusu mkopo wa dharura au mfuko wa kusaidiana, kamati ikumbuke kwamba matibabu haya ni ya safari nyingi ndogo ndogo. Nauli ya kwenda kupima damu kila mwezi ndiyo huwashinda wengi, wala si gharama ya siku moja kubwa. Msaada ugawanywe kwa kufuata hali hiyo.

Nne, mwanachama ambaye mkono wake hauwezi kuchuma wala kupalilia apangiwe kazi nyingine ya ushirika anayoiweza, kama kuchambua mazao au kuandika stakabadhi, ili asigeuke kuwa ombaomba kati ya wenzake.

Tano, katibu ashirikiane na mwalimu mkuu. Mwalimu aliyeelezwa anaweza kunyamazisha kejeli kwa siku moja, jambo ambalo mzazi hawezi kulifanya kwa mwaka mzima.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu ufa ni ule mwaka wa kwanza, baka linapokuwa bado rangi tu na mtoto bado anakimbia. Gharama ya kuuziba ni barua ya zahanati, nauli, na jirani anayesema neno la kweli kwa wakati wake.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kijiji chetu, mtu akitokewa na baka gumu, watu husema limeletwa na nini? Je, maneno hayo humfanya awahi hospitali au achelewe?

2. Kuna tofauti gani kati ya skleroderma ya mahali pamoja na ile ya mwili mzima? Kwa nini mgonjwa anahitaji kuijua?

3. Kwa nini kuchelewa kunamdhuru mtoto zaidi kuliko mtu mzima?

4. Mgonjwa ameambiwa anywe methotrekseti. Ni mambo gani ambayo jamaa zake wa nyumbani wanapaswa kuyakumbuka?

5. Mtaalamu wa ngozi aliye karibu yuko hospitali gani, na nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani? Katibu aandike majibu hayo katika daftari la mikutano, ili siku yatakapohitajika yasitafutwe upya.